Kabla Hujaandika Chaji: Ushauri kwa Anayeanza Kusoma Ioni

Kama ndiyo kwanza unaingia kwenye mada ya ioni, shika jambo moja kabla ya mengine yote: protoni haziguswi. Atomu inapogeuka kuwa ioni, yaani ikawa na chaji, kiini chake hakibadiliki hata kidogo. Sodiamu ina protoni 11, na itabaki na protoni 11 iwe kipande cha metali, iwe ndani ya chumvi, iwe kwenye mmumunyo. Kinachotoka au kuingia ni elektroni, basi.

Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo ninalokutana nalo mara kwa mara ninaposahihisha kazi za wanafunzi. Mtu anaandika: "Ioni ya sodiamu ina chaji chanya kwa sababu atomu imeongezewa protoni moja." Ukiangalia harakaharaka unaona kosa dogo, maana chaji aliyoipata ni sahihi. Lakini atomu yenye protoni 12 si sodiamu tena, ni magnesi. Kubadilisha idadi ya protoni ni kazi ya nyuklia, na nishati yake iko mbali kabisa na ile tunayoishughulikia kwenye kemia, takriban mara milioni. Kutu, betri, sabuni: yote hayo ni elektroni za nje zinazohama au kushirikishwa, na viini viko palepale.

Kwa hiyo kabla hujajiuliza chaji ni ngapi, andika pembeni mwa karatasi mistari miwili: protoni ngapi, elektroni ngapi. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Sodiamu iliyopoteza elektroni moja: 11 kutoa 10, chaji ni +1. Klorini iliyopokea moja: 17 kutoa 18, chaji ni −1. Alumini iliyopoteza tatu: 13 kutoa 10, chaji ni +3. Usiione kazi hii kuwa ya kitoto. Hata aliyebobea, akikutana na ioni asiyoizoea, anarudi kwenye mistari hiyohiyo miwili.

Kinachowasumbua wengi ni ishara. Mbona atomu ikiongezewa kitu chaji yake inakuwa hasi? Chukulia elektroni kuwa deni. Ukiongezewa deni, salio lako linashuka, ukipunguziwa, linapanda. Klorini imeongezewa deni moja, kwa hiyo imeshuka hadi chini ya sifuri kwa moja. Sodiamu imeondolewa deni moja, ikapanda juu ya sifuri. Ukishaielewa hivyo, hutahitaji kukariri kwamba "kupoteza ni chanya, kupokea ni hasi", ambayo kwenye chumba cha mtihani hugeuka kichwa chini kirahisi sana.

Jambo dogo la uandishi tulimalize hapahapa: chaji ya ioni huandikwa juu upande wa kulia, namba kwanza, ishara baadaye. Mg²⁺, Al³⁺, O²⁻. Ikiwa ni moja, namba haiandikwi: Na⁺, Cl⁻. Baadaye utakutana na namba za oksidisho, ambazo ishara yake hutangulia, +2 au −3. Ni vitu viwili tofauti, na msahihishaji mkali atakukata alama ukivichanganya.

Sasa tuje kwenye lile swali lenyewe: kwa nini sodiamu ipoteze na klorini ipokee?

Utaambiwa kwamba kila atomu "inataka" elektroni nane kwenye gamba la nje ili "iridhike". Wazo la nane lina historia yake nzuri. Mwaka 1916 Gilbert Lewis nchini Marekani na Walther Kossel nchini Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba ioni nyingi za kawaida zinaishia na mpangilio wa elektroni unaofanana na wa gesi adimu iliyo jirani nazo kwenye jedwali la elementi. Na⁺ ina 2,8 (mbili gamba la kwanza, nane la pili) kama neoni. Cl⁻ ina 2,8,8 kama agoni. Ca²⁺ nayo ina 2,8,8. Kama njia ya kubashiri, kanuni hiyo ni nzuri mno, na mwanzoni itakutosha: kundi la 1 hutoa +1, kundi la 2 hutoa +2, alumini hutoa +3, kundi la oksijeni huchukua mbili, kundi la klorini huchukua moja. Jifunze hayo, yatakusaidia.

Ila usiigeuze kuwa sababu. Atomu haitaki chochote. Ukijizoesha kujibu kwamba "sodiamu inataka kuwa kama neoni", utakwama siku utakayoulizwa kwa nini chuma kina ioni mbili tofauti, au kwa nini oksijeni ikubali elektroni ya pili ilhali jambo hilo linaigharimu. Ushauri wangu ni huu: kila ukisikia neno "inataka", badilisha swali. Uliza nishati kiasi gani inatumika, na ni kitu gani kinachoilipa.

Tuichukue sodiamu polepole, maana hapa ndipo penye utamu. Ili kuondoa elektroni ya kwanza kwenye atomu za sodiamu zilizo katika hali ya gesi, unahitaji kilojuli 496 kwa kila moli (kipimo cha idadi ya atomu). Ona: unahitaji. Nishati inaingia, haitoki. Kiini kina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi, zinavutana, na kuzitenganisha ni kazi. Wanafunzi wengi huamini kwamba sodiamu huitupa elektroni yake kwa furaha na kutoa nishati papo hapo. Hapana. Hakuna atomu hata moja kwenye jedwali zima inayoachia elektroni yake ya kwanza bure. Hata sesiamu, iliyo rahisi kuliko nyingi, inadai kilojuli 376.

Sasa jaribu kuondoa elektroni ya pili ya sodiamu. Gharama inaruka hadi kilojuli 4,562. Ni zaidi ya mara tisa. Simama hapo uitazame namba hiyo, usiipite tu. Elektroni ya kwanza ilikuwa kwenye gamba la tatu, mbali na kiini, na elektroni kumi za ndani zilikuwa zinaikinga dhidi ya mvuto wa protoni. Kwa makadirio ya kanuni za Slater, elektroni hiyo haihisi chaji ya protoni 11, inahisi kama 2.2 tu. Ya pili iko gamba la pili, karibu zaidi na kiini, na kinga iliyobaki kati yake na kiini ni ndogo. Ndiyo maana sodiamu inaishia +1. Wala sababu si kuheshimu namba nane. Bei ya elektroni inayofuata ndiyo haina wa kuilipa.

Na klorini je? Hiyo ina protoni 17, na kwa makadirio yaleyale elektroni zake za nje zinahisi chaji ya takriban 6.1. Kwenye gamba lake la nje kuna nafasi moja. Elektroni ngeni ikifika hapo, inavutwa vilivyo, na kilojuli 349 kwa moli hutolewa. Kumbe basi kupokea kunaweza kutoa nishati, kinyume na kupoteza.

Chukua kalamu ufanye hesabu. Umelipa 496 kuiondoa elektroni kwenye sodiamu, umepata 349 kwa kuipa klorini. Unadaiwa 147. Yaani kuhamisha elektroni peke yake, atomu moja ya gesi kwa nyingine ya gesi zilizotengana, ni hasara! Na bado hatujahesabu gharama ya kuigeuza metali ya sodiamu kuwa gesi, kilojuli 107, wala ya kuvunja molekuli za klorini ili kupata atomu mojamoja, kilojuli 121 kwa kila moli ya atomu. Jumla ya upungufu inafika 375.

Kinacholipa deni hilo lote ni kukaribiana kwa ioni. Na⁺ na Cl⁻ zinapokusanyika na kujipanga kwenye fuwele, kila moja ikizungukwa na sita za aina ya pili, nishati ya takriban kilojuli 787 kwa moli inatolewa. Toa 375, unabaki na faida ya kama 412, na kweli nishati ya kutengeneza chumvi ya kawaida kutokana na elementi zake iliyopimwa maabara ni kilojuli 411. Mimi mwenyewe napenda hesabu hii kuliko maelezo yoyote yale ya ioni, kwa sababu inaonyesha kinachosababisha kitu kutokea badala ya kusimulia tu kilichotokea. Uhamishaji wa elektroni peke yake haujitoshelezi. Mvuto kati ya ioni ndio unaoubeba.

Kwa darasa la mwanzo hutatakiwa kuifanya hesabu hiyo yote kwenye mtihani. Lakini ielewe sasa, ukifika mbele utakuta mzigo umeshapungua.

Itumie njia hiyohiyo kwa magnesi. Elektroni ya kwanza 738, ya pili 1,451, ya tatu 7,733. Mruko uko baada ya pili. Basi Mg²⁺. Hapo mwanafunzi makini atauliza: mbona isiishie Mg⁺, iliyo rahisi zaidi? Swali zuri sana, na wengi hawaliulizi. Jibu liko kwenye mvuto tena. Ioni yenye chaji mbili huvutana na majirani zake kwa nguvu kubwa zaidi, na faida inayopatikana kwenye fuwele inalipa ile 1,451 na chenji inabaki. Fuwele ya kloridi ya magnesi hutoa takriban kilojuli 2,500 kwa moli. Ila haiwezi kulipa 7,733. Ukipewa orodha ya nishati za ionisho, yaani gharama za kuondoa elektroni mojamoja, za elementi usiyoijua, tafuta tu ule mruko mkubwa. Uko baada ya elektroni ngapi, hiyo ndiyo chaji. Alumini: 578, 1,817, 2,745, kisha 11,577. Hata usipoambiwa jina, unajua ni +3.

Oksijeni inahitaji uangalifu. Elektroni ya kwanza inayoipokea hutoa kilojuli 141. Ya pili inagharimu, na si kidogo: zaidi ya kilojuli 700. Sababu iko wazi ukitulia. O⁻ tayari ina chaji hasi, na elektroni inayokuja nayo ni hasi, kwa hiyo zinasukumana. O²⁻ ikiwa peke yake kwenye gesi haidumu. Tunaikuta ndani ya fuwele kama za oksidi ya magnesi, ambako mvuto wa Mg²⁺ na O²⁻ ni mkubwa kiasi kwamba unalipa kila kitu. Na ukubwa wa mvuto huo unauona kwenye joto la kuyeyuka: chumvi ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, oksidi ya magnesi inapita nyuzi 2,800. Mtu anayeng'ang'ania kwamba "oksijeni inataka mbili" hana la kusema hapa.

Usichanganye pia wepesi wa kupokea elektroni na ukali wa elementi. Florini ni kali kuliko klorini, sivyo? Ndiyo. Lakini atomu ya florini ikipokea elektroni hutoa kilojuli 328, pungufu ya 349 za klorini, kwa sababu atomu yake ni ndogo na elektroni zilizomo zimebanana. Ukali wa florini unatokana na mambo mengine: kifungo kati ya atomu zake mbili ni dhaifu na huvunjika kirahisi, na ioni yake ndogo huvutana sana na ioni chanya au na maji. Ukiona swali linalokutaka upange halojeni (kundi la klorini) kwa kufuata nishati ya kupokea elektroni, usijibu kwa mazoea.

Kuhusu kujibu maswali ya maelezo. Swali la kawaida kabisa huwa hivi: "Eleza jinsi ioni ya magnesi inavyoundwa." Jibu ninalolipata mara nyingi ni: "Magnesi inapoteza elektroni mbili ili iwe thabiti." Hilo halijakosewa, ila ni jembamba, halina ushahidi. Linalopata alama zote linasema atomu ya magnesi ina protoni 12 na elektroni 12 zilizopangwa 2,8,2. Inapoteza elektroni mbili za gamba la tatu. Inabaki na elektroni 10 zilizopangwa 2,8. Protoni bado ni 12, kwa hiyo chaji ni 12 kutoa 10, yaani +2. Kisha linaongeza mlinganyo: Mg → Mg²⁺ + 2e⁻. Sentensi nne na mstari mmoja. Hakuna "kuridhika", hakuna "furaha". Na elektroni zilizopotea zimeandikwa kulia mwa mshale, kwa kuwa zimetoka. Ukiziona kushoto kwenye kazi yako, umeandika kupokea. Kagua pia jumla ya chaji pande zote mbili: kushoto sifuri, kulia +2 na −2, sifuri. Usipoona ulinganifu huo, kuna kitu umekiacha.

Kwenye michoro ya nukta na misalaba, weka ioni ndani ya mabano ya mraba, chaji nje ya mabano juu kulia. Chora ioni mbili zilizotengana, usizishikamanishe. Wengi huchora Na na Cl zikiwa zimeingiliana kana kwamba zinashirikiana elektroni. Huo ni mchoro wa kifungo cha kovalenti, hata kama umeandika chaji sahihi chini yake.

Kuandika fomula ni hesabu ya kusawazisha chaji tu. Al³⁺ na O²⁻: tafuta jumla inayolingana, sita na sita, basi Al₂O₃. Njia ya kuvusha namba kutoka ioni moja kwenda nyingine ni ya haraka, nami siipingi, ila itakupa Mg₂O₂ usipopunguza. Andika MgO. Na kumbuka kwamba kwenye fuwele hakuna "molekuli" ya chumvi. NaCl inakuambia uwiano, moja kwa moja.

Ukubwa wa ioni huwa unawashangaza watu. Atomu ya sodiamu ina nusu kipenyo cha takriban pikomita 186; Na⁺ ni 102. Gamba zima la nje limeondoka. Klorini inaenda kinyume: kutoka 99 hadi 181 ikiwa Cl⁻, kwa sababu kuna elektroni moja zaidi ya kusukumana na zenzake ilhali protoni hazikuongezeka. Kwa hiyo kwenye punje ya chumvi, ile iliyokuwa kubwa imekuwa ndogo na iliyokuwa ndogo imekuwa kubwa. Swali linalopendwa ni la kupanga O²⁻, F⁻, Na⁺, Mg²⁺ na Al³⁺ kwa ukubwa. Zote zina elektroni 10. Usikariri. Hesabu protoni: 8, 9, 11, 12, 13. Kadiri protoni zinavyoongezeka ndivyo elektroni zilezile kumi zinavyovutwa ndani zaidi, kutoka pikomita 140 za O²⁻ hadi kama 54 za Al³⁺. Umeona? Ni mistari ileile miwili ya pembeni.

Metali za mpito ndizo zinazovunja mazoea. Chuma huunda Fe²⁺ na Fe³⁺, shaba Cu⁺ na Cu²⁺, na hakuna hata moja kati ya hizo yenye mpangilio wa gesi adimu. Atomu ya chuma inaishia na 3d⁶ 4s², yaani elektroni sita kwenye sehemu ya d ya gamba la tatu na mbili kwenye sehemu ya s ya gamba la nne. Inapopoteza, hutangulia kupoteza za 4s, japo ndizo ulizofundishwa kuzijaza kabla ya 3d. Fe²⁺ inabaki na 3d⁶, Fe³⁺ inabaki na 3d⁵. Kosa linalojirudia ni kuondoa kwanza elektroni za d kwa hoja kwamba zilizoingia mwisho ndizo zitoke mwanzo. Kwenye hizi, gamba la nje ndilo linaloanza. Gharama ya kutoka +2 hadi +3 kwenye chuma si mruko wa kutisha kama ule wa magnesi, kwa hiyo mazingira ndiyo yanayoamua ioni ipi itapatikana. Ndiyo sababu majina yake hubeba namba za Kirumi: oksidi ya chuma(II), oksidi ya chuma(III). Zinki na fedha ni tulivu zaidi, kwa kawaida Zn²⁺ na Ag⁺, hizo mbili unaweza kuzikariri bila wasiwasi.

Kaboni iache ilivyo kwa sasa. Kuondoa elektroni zake nne kungegharimu mno, na kuipa nne zaidi ni kurundika chaji hasi kwenye atomu ndogo. Kwa hiyo mara nyingi hushirikiana elektroni badala ya kuzihamisha. Si kila atomu lazima iwe ioni.

Kisha kuna suala la maji. Ukiweka chumvi kwenye maji, hukuunda ioni. Zilikuwepo tangu kwenye punje kavu. Maji yamezitenganisha na kuzizunguka, zikaweza kutembea. Punje kavu haipitishi umeme kwa kuwa ioni zake zimekaa mahali pamoja. Iyeyushe kwa moto au iweke kwenye maji, itapitisha. Mkemia wa Uswidi, Svante Arrhenius, alipoandika kwenye tasnifu yake ya mwaka 1884 kwamba chumvi kwenye maji imeshatengana yenyewe, bila kusubiri umeme upitishwe, walimu wake hawakumpa alama ya kujivunia. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Dhana aliyoipinga bado ninaikuta kwenye daftari za wanafunzi: "umeme unapopita ndipo ioni zinapoundwa." Hapana, umeme unazikuta. Tofauti na hapo ni kloridi ya haidrojeni, gesi ya molekuli ambayo kweli huunda ioni inapokutana na maji, kwa kuwa kabla ya hapo haikuwa nazo.

Hapohapo utenganishe tabia za elementi na tabia za ioni yake. Metali ya sodiamu ikitupwa majini huruka na kuwaka; Na⁺ kwenye maji haifanyi lolote, na damu yako inaibeba muda wote, kwa kawaida milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Klorini ni gesi ya sumu; kloridi ndiyo nusu ya chumvi unayokula. Daktari anaposema kipimo cha sodiamu kiko chini, anazungumzia ioni. Hakuna metali ndani ya mtu.

Mwisho kuna zile ioni zenye atomu nyingi, na huko ndiko wanaoanza huacha kuhesabu na kuingia kwenye kukariri. Endelea kuhesabu. Amoniamu, NH₄⁺: naitrojeni ina protoni 7, haidrojeni nne zina 4, jumla 11, elektroni ni 11 kutoa moja, yaani 10. Sawasawa na Na⁺ kwa protoni na kwa elektroni, jambo linalosaidia kuelewa kwa nini chumvi za amoniamu hufanana kwa mengi na zile za kundi la 1. Naitreti, NO₃⁻: 7 na 24 ni 31, ongeza moja, elektroni 32. Chaji hapo ni ya kundi zima la atomu, kwa hiyo usimwandikie oksijeni mmoja ile −1 peke yake. Na kundi likihitajika mara mbili kwenye fomula, lifunge kwa mabano: Ca(NO₃)₂, si CaNO₃₂.

Majina yanayokaribiana hapa ni matatu ya kuogopa: salfidi, salfiti na salfeti. Zote zina chaji −2. Salfidi ni S²⁻, salfa peke yake yenye elektroni 18. Salfiti ni SO₃²⁻: 16 na 24 na mbili, 42. Salfeti ni SO₄²⁻: 16 na 32 na mbili, 50. Ukisoma swali na ukatilia shaka ni ipi iliyokusudiwa, angalia mwisho wa jina kabla hujagusa kalamu: -idi haina oksijeni, -iti ina chache, -eti ina nyingi zaidi.